Kasha la lita 10: shajara ya kompyuta ndogo, yenye kasi na isiyosikika

Ninachotaka

Nataka kompyuta ya nyumbani inayokimbia kuliko ilivyotoka kiwandani, ndani ya kasha dogo la kukaa kando ya skrini, na isisikike. Mambo haya matatu hayapikiki chungu kimoja. Udogo unainyima hewa nafasi, kasi inazidisha joto, na dawa ya haraka ya joto ni feni kukimbia, yaani kelele. Wengi huchagua mawili na kusamehe la tatu. Mimi nimeamua kusamehe la nne, ambalo watu hulitazama mno kwenye skrini: nyuzi joto. Prosesa ninayotumia ni Ryzen 5 5600X, na AMD wenyewe, walioiunda, wameiwekea kikomo cha nyuzi 95. Ikipanda hadi themanini na kitu chini ya mzigo mzito, sina neno nayo. Feni inayopanda na kushuka kila ninapofungua ukurasa, hiyo nina neno nayo kubwa.

Basi kanuni ya mradi huu ni moja: sauti ndiyo inayoamua, joto linafuata. Kila badiliko nitalipima kwa swali hilohilo: je, limeniruhusu kupunguza mizunguko ya feni, au limenipa namba nzuri tu ya kuonyeshea watu?

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida. Kasha lina urefu wa milimita 330, kimo 210 na upana 150. Ukizidisha unapata lita 10 na nukta nne. Ubao mama ni wa kipimo cha Mini-ITX, milimita 170 kwa 170, kipimo walichokuja nacho VIA mwaka 2001 na ambacho bado ndicho msingi wa makasha madogo. Kadi ya michoro ni GTX 1660 Super, wati 125 kwa karatasi. Pawasaplai ni ya umbo la SFX, umbo dogo la makasha madogo, RAM ni DDR4, na hifadhi yote ni SSD, hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka. Diski ya kuzunguka haina mahali hapa, kwa nafasi wala kwa sauti. Katikati ya kasha kuna ukuta wa bati. Ubao mama uko upande mmoja, kadi ya michoro upande wa pili, zinapeana mgongo na kuunganishwa na raiza ya PCIe, ile kebo bapa inayoifikisha kadi kwenye soketi yake ya ubao mama.

Hesabu ya hewa kwanza

Kabla ya kushika bisibisi nimeshika kalamu. Mita moja ya ujazo ya hewa hubeba takriban jouli 1,200 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Mashine hii ikitoa wati 200 kwenye gemu, na nikikubali hewa itoke ikiwa na joto la nyuzi 10 zaidi ya ilivyoingia, nahitaji kupitisha mita moja ya ujazo kila dakika. Hiyo ni lita 1,000. Kasha zima ni lita 10, tena zimejaa vyuma na nyaya. Kwa maneno mengine, hewa yote iliyomo ndani lazima ibadilishwe karibu mara 100 kwa dakika.

Feni moja ya milimita 120 inaweza kusogeza kiasi hicho ikiwa mezani, mbele yake pakiwa wazi. Weka bati lenye matundu mbele, mapezi ya alumini nyuma, na fundo la kebo kando, na kiasi kinashuka vibaya. Hapo ndipo watu huongeza feni ya pili, ya tatu. Feni ya pili yenye sauti sawa na ya kwanza huongeza desibeli 3, na hewa yake si lazima ipite pale unapoitaka. Kwa mtazamo wangu kuna mambo mawili ya kufanya kabla ya kuongeza chochote: kupunguza wati zinazozalishwa, na kuondoa vizuizi njiani. Hilo la pili linahitaji msumeno, kwa hiyo ndilo lenye raha zaidi.

Vipimo vya mwanzo

Mashine imewashwa ikiwa na mipangilio ya kiwandani. Kila kipimo nakiacha kiende nusu saa, kwa sababu vyuma vinachukua muda kushiba joto; dakika tano za mwanzo hudanganya kila mtu. Kando ya kila namba naandika joto la chumba, halafu natoa. Ninachokihifadhi ni tofauti, maana nyuzi 75 za asubuhi na nyuzi 75 za mchana wa jua kali si kitu kimoja.

Prosesa, viini vyote 6 (sehemu zake zinazofanya hesabu) vikiwa na mzigo: nyuzi 52 juu ya joto la chumba, feni ya kipozeo kwenye mizunguko 1,600 kwa dakika. Kadi ya michoro: nyuzi 49 juu ya chumba, feni zake mbili ndogo zikipita 2,000. Juu ya kasha kuna feni ya milimita 92 iliyokuja nalo, inanyonya hewa kuitoa nje. Sauti yake ni nyembamba, ya kukwaruza, na naiwekea alama tangu sasa.

Lakini hizo ni sauti za kazi nzito. Kinachoudhi zaidi ni wakati hakuna kazi. Nafungua barua, prosesa inaruka nyuzi 15 au 20 kufumba na kufumbua, feni inaunguruma sekunde mbili, inatulia. Nafungua kurasa mbili, tena. Hii ni tabia ya prosesa za aina hii, na sababu yake iko wazi: kipande cha silikoni chenye viini vyote kina eneo la takriban milimita 80 za mraba, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Wati 30 zikimwagwa hapo ghafla, kihisi kilichomo humo humo kinaona moto. Kipozeo chenyewe, nusu kilo ya shaba na alumini, hakijui hata kama kuna lililotokea. Feni inayoitikia mruko huo inapuliza mapezi ambayo bado ni baridi. Kelele yote hiyo ni bure.

Feni iache kurukaruka

Kazi ya leo haikugharimu skrubu hata moja. Ndani ya BIOS, programu ya ubao mama inayotangulia Windows, kuna mpangilio wa kuchelewesha feni: sekunde ngapi zipite kabla haijaongeza au kupunguza mwendo. Nimeuvuta hadi mwisho. Kisha nikauchora upya mstari wa feni: kuanzia chini hadi nyuzi 65 ni mizunguko 700 tu bila kubadilika, halafu unapanda polepole hadi 1,100 kwenye nyuzi 85, na zaidi ya hapo unapanda wima kwa ajili ya usalama.

Tofauti ni kubwa mno kwa kazi ya robo saa. Sikio huzoea sauti ya chini isiyobadilika na kuisahau. Haliwezi kusahau sauti inayobadilika. Ningeweza kuishia hapa na kompyuta ingekuwa ya kuvumilika. Kama una mashine ndogo inayokuudhi na huna hamu ya kukata bati, anzia hapa na huenda usihitaji kuendelea kusoma.

Shida ni kwamba kwa mizunguko 1,100 mzigo mzito sasa unaipeleka prosesa nyuzi 60 juu ya chumba, na bado sijaiongezea kasi hata chembe.

Ubavu wa kasha

Kipozeo ni cha kulala chini: feni nyembamba ya milimita 15 juu, mapezi chini yake, mirija minne ya shaba, kimo cha jumla milimita 70. Feni inatazama ubavu wa kasha, inavuta hewa ya nje kupitia matundu na kuisukuma chini kwenye mapezi, hadi kwenye ubao mama. Angalau ndivyo inavyodhaniwa. Nimekata kipande cha karatasi ya tishu, chembamba kama uzi, nikakishika pembeni mwa feni, ndani, ubavu ukiwa umefungwa nusu. Kilivutwa kwa nguvu kuelekea feni kutoka *ndani* ya kasha. Kuna mwanya wa milimita 9 kati ya feni na bati, na hewa ni mvivu: badala ya kupenya matundu ya bati inazunguka mwanyani. Feni inakunywa hewa ileile iliyokwisha kupashwa na mapezi, inaipasha tena, inainywa tena.

Ubavu wenyewe una lawama pia. Matundu ni madogo, ya pembe sita, na chuma kilichobaki kati yake ni kingi kuliko uwazi. Kuna ubaya wa pili: panga la feni linapopita karibu na kizuizi, kila ukingo wa kizuizi unatoa mpigo mdogo wa hewa, na mipigo hiyo ikijumlishwa inakuwa mlio wa noti moja. Ndiyo maana feni inayonong'ona mezani inaanza kuimba ikifungwa kwenye kasha.

Kwa hiyo nimekata. Kwanza kila kitu kimetolewa kwenye kasha, kila kitu, kwa sababu unga wa chuma ukiangukia ubao mama ni mwisho wa ubao mama. Mkanda wa karatasi pande zote mbili za bati ili rangi isichubuke, duara la milimita 114 limechorwa kwa bikari, ubao wa mbao chini yake, tundu la kuanzia kwa drili, kisha msumeno wa jigi wenye meno madogo ya kukatia chuma. Miwani ya kinga si pambo. Bati jembamba linatetemeka na kupiga makelele ya kutia aibu. Ukilibana vizuri kwenye mbao linatulia. Baadaye tupa, msasa, na rangi kidogo kwenye ukingo ili usishike kutu. Juu ya tundu nimefunga wavu wa nyaya za mviringo, ule unaouzwa kwa ajili ya feni. Waya wa mviringo hauisumbui hewa kama ukingo wa bati.

Halafu pete ya sponji. Kupima mwanya nilibandika vidonge vya udongo wa kuchezea watoto juu ya fremu ya feni, nikafunga ubavu, nikafungua, nikapima unene uliobaki. Pete nimeikata kwenye sponji isiyopitisha hewa, unene wa milimita 12, ili ibanwe hadi 9 na kuziba kabisa. Isiwe ngumu, maana mtetemo wa feni utahamia kwenye bati; isiwe ya matundu wazi, maana hewa itapita.

Matokeo kwa mizunguko ileile 1,100: nyuzi 8 zimeondoka, na ule mlio wa noti moja umekufa. Nusu ya faida imetokana na tundu, nusu na pete; najua kwa sababu nilipima tundu peke yake kwanza. Katika kila nilichofanya kwenye kasha hili, pete ile ya sponji ndiyo iliyolipa zaidi kwa ujira mdogo.

Feni iliyoondolewa

Sasa kuna feni inayosukuma hewa safi ndani kwa nguvu, na juu ya kasha kuna ile feni ya 92 inayonyonya. Nimeizima. Joto la prosesa limepanda nyuzi moja, la kadi limepanda mbili. Nimeitoa kabisa na kuacha matundu yake wazi.

Ukiingiza hewa kwa nguvu kutoka ubavuni, itatoka yenyewe popote palipo wazi, na kwa kuwa imepata joto inapendelea juu. Tena kasha lenye shinikizo la ndani kubwa kuliko la nje halinyonyi vumbi kupitia kila ufa; vumbi linaingia kwa mlango mmoja, na mlango huo unaweza kuwekewa kichujio.

Volti

Nimefika kwenye kuovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani, na naanza kwa kushusha volti. Umeme unaoliwa na prosesa inapofanya kazi hufuata volti kwa kipeo cha pili na kasi kwa uwiano wa moja kwa moja. Ukishusha volti kutoka 1.35 hadi 1.20 kwa kasi ileile, umeokoa karibu asilimia 21 ya umeme huo. Hakuna kipozeo cha kununua kinachotoa faida ya namna hiyo ndani ya lita 10.

Kwa prosesa hizi njia nzuri si kufunga kasi moja kwa viini vyote kama zamani. Kuna Precision Boost Overdrive, inayosogeza mipaka ya kiwandani, na Curve Optimizer, inayokiambia kila kiini kidai volti pungufu kwa kasi ileile. Hatua moja ya Curve Optimizer ni takriban milivolti 3 hadi 5, na mwisho ni hatua 30. Kiwandani 5600X ina mpaka wa wati 76 kwenye soketi. Wengine huufungua hadi zaidi ya 100. Nimejaribu, na ndani ya kasha hili haina maana: kasi ya viini vyote ilipanda kidogo sana, joto likapanda sana, feni ikafuata joto. Nimesimama kwenye wati 85, nikaongeza kilele cha kasi kwa megahezi 200.

Viini havilingani. Nimeviweka vyote hatua 15 chini, kisha nikaanza kuvijaribu kimoja kimoja kwa CoreCycler, programu inayokipa kazi kiini kimoja huku vingine vikipumzika. Jambo linalowapotosha wengi ni kudhani kwamba mzigo mzito wa viini vyote ndio mtihani mgumu. Kwa Curve Optimizer ni kinyume. Chini ya mzigo mzito kasi iko chini na volti zinatosha. Hatari iko kiini kimoja kinaporuka peke yake hadi kileleni, yaani pale kompyuta inapoonekana haina kazi. Ndiyo maana mashine iliyofaulu Prime95, programu ya kuvitwisha viini vyote mzigo mzito, usiku kucha inaweza kujiwasha upya unapofungua kikokotoo.

Windows hutunza kumbukumbu ya makosa ya namna hii chini ya jina WHEA, na kila kosa linataja namba ya kiini kilichohusika. Viini viwili vilivyo bora, vile ambavyo prosesa yenyewe huvipa kazi kwanza, ndivyo vilivyokataa kushushwa. Hivyo hupanda kasi ya juu kuliko wenzao kwa volti ambazo tayari zimebanwa. Nimeviacha hatua 8 chini. Vinne vingine vimekubali 22 hadi 26, na kila kimoja nimekirudisha hatua tatu juu ya pale kilipofaulu, kama akiba ya siku za joto.

Hesabu ya mwisho: kiini kikiwa peke yake kinakaribia gigahezi 4.8, vyote kwa pamoja vinakaa karibu 4.6 chini ya mzigo wa kuchora picha, na joto ni nyuzi 54 juu ya chumba kwa mizunguko 1,000. Kumbuka kiwandani ilikuwa nyuzi 52 kwa mizunguko 1,600. Kwa kawaida kelele ya feni hushuka takriban desibeli 10 kwa punguzo hilo, na watu wengi husikia desibeli 10 kama nusu ya sauti.

RAM sitaisimulia sana. DDR4-3600, ili kasi ya kiungo cha ndani cha prosesa iwe megahezi 1,800 na kiungo hicho na RAM viende sambamba moja kwa moja. Memtest86, programu ya kuijaribu RAM, usiku mmoja, safi. Kuzidi hapo ni kubahatisha kwa faida ndogo.

Kadi ya michoro bila vazi lake

Kadi ilikuja na vazi la plastiki lenye feni mbili nyembamba zenye beringi zinazokoroma kwenye mizunguko ya chini. Vazi limetolewa: skrubu chache, plagi moja, na chini yake kuna hitisinki nzuri tu, chuma chenye mapezi ya kuondoa joto, iliyokuwa imefichwa. Kabla ya kutoa cha kwako, soma masharti ya dhamana. Kuna wanaokubali na wasiokubali. Hitisinki yenyewe sijaigusa, hivyo pesti ya kupitisha joto na vibandiko vya joto vya kumbukumbu ya kadi vimebaki kama vilivyofungwa kiwandani.

Juu ya mapezi nimelaza feni mbili za milimita 92, nyembamba, zimeshikwa kwa tai za plastiki zilizopita katikati ya mapezi, na vipande vya silikoni vikizitenganisha na chuma. Zinatazama ubavu wa pili. Huko nimerudia pete ya sponji, safari hii ya mstatili, ikizizunguka zote mbili. Bati la upande huu sikulikata. Matundu yake ni mapana na kadi haihitaji kujitesa. Angalia pia sehemu za kadi ambazo vazi lilikuwa linazipulizia kwa makusudi, hasa mzunguko wa kuleta umeme karibu na plagi. Kama hitisinki kuu haiufuniki, feni mpya lazima ifike hapo.

Volti za kadi nimezishusha kwa MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi za michoro: unafungua mchoro wa volti na kasi, unachagua nukta, unainua hadi kasi unayotaka, na kulia kwake unausawazisha mstari. Kadi hii inakaa kwenye megahezi 1,800 na kitu kwa volti 0.85 badala ya kugusa volti 1. Kumbukumbu yake nimeiongezea kasi, maana hapo ndipo 1660 Super bado ina nafasi. Katika gemu inaenda sawa na kiwandani au mbele kidogo, kwa wati chini ya 100, nyuzi 43 juu ya chumba, mizunguko 900. Ya awali ilikuwa zaidi ya 2,000.

Mawimbi

Baada ya kelele kubwa kuondoka, ndogo zinajitokeza. Usiku nimesikia sauti inayovimba na kunywea, kama mara tatu kwa sekunde, na haikuwepo jana. Ni zile feni mbili za kadi. Zote zinapokea amri moja, lakini mota mbili hazilingani kamwe: moja inakwenda 1,000, nyingine 1,030. Kila feni ina mapanga 7, hivyo ya kwanza inapiga hewa mara 117 hivi kwa sekunde na ya pili mara 120. Tofauti hiyo ya mara tatu na nusu ndiyo wimbi ninalolisikia.

Dawa ni kuzitenganisha mwendo kwa makusudi. Moja nimeiacha kwenye kadi, nyingine nimeihamishia kwenye plagi ya ubao mama na kuisimamia kwa FanControl, programu ya bure inayoweza kuifanya feni ya ubao mama ifuate joto la kadi. Moja inakwenda 900, nyingine 720. Wimbi limetoweka. Kwa kuwa programu inaweza kufa na feni ikabaki bila bwana, ndani ya BIOS nimeiwekea mwendo wa kutosha kuilinda kadi yenyewe.

Nilijaribu kupima hatua hizi kwa simu. Simu haifai kwa desibeli za chini. Maikrofoni yake ina mvumo wake wenyewe. Ila programu ya kuonyesha masafa ya sauti ni msaada mkubwa: noti inayochomoza unaiona kama mnara, unazima feni moja moja hadi mnara uanguke, na mkosaji umempata.

SSD mgongoni

SSD iko nyuma ya ubao mama, mahali pasipopita hewa hata chembe, na ikinakili mafaili makubwa inapata joto hadi kujipunguzia kasi. Nimeweka kibandiko laini cha kupitisha joto kati yake na ule ukuta wa bati wa katikati. Ukuta wote sasa ni hitisinki yake. Imeshuka nyuzi 14. Basi.

Pawasaplai na mlio uliobaki

Pawasaplai ni ya wati 450 na feni yake husimama mzigo ukiwa mdogo. Kwenye gemu mashine nzima sasa inakula chini ya wati 200, yaani karibu kabisa na mpaka ambapo feni hiyo huamua kuwaka. Ikawa inawaka, inazima, inawaka. Nimeigeuza ili mdomo wa feni utazame matundu ya nje, joto litoke lenyewe feni ikiwa imelala, na sasa inawaka mara chache sana. Wapo wanaofungua pawasaplai na kubadilisha feni. Mimi sifungui: kapasita kubwa ya ndani inaweza kushika volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na hakuna ukimya unaolingana na hilo.

Uliobaki ni mlio wa koili za kadi, ule wa juu unaofanana na mbu. Unatokea gemu inapochora fremu mamia kwa sekunde, hasa kwenye menyu ambako hakuna cha kuchora. Nimeweka kikomo cha fremu kulingana na skrini, mlio ukafifia, na wati zikashuka tena bila mimi kuzifuata.

Kichujio cha nailoni kimewekwa kwenye tundu la ubavu. Kinakula nyuzi 2 na nimezikubali. Raiza ni ya PCIe 3.0, kadi pia ni ya PCIe 3.0, kwa hiyo haipotezi kitu. Siku kadi ikibadilishwa, kebo itabadilishwa nayo, au soketi ifungwe kwenye 3.0 ndani ya BIOS kabla ya kuwasha.